Mashini ya mwangaza haijue udongo wetu mpaka tuifundishe



Mwaka uliopita, sezo A, mahindi yakiwa yamefika kwenye magoti, mama mumoja wa koperative yetu alinisimamisha njiani na karatasi mukononi. Ile karatasi ni miye nilimupatia, na ni miye niliweka sahihi chini yake. Ilikuwa imeandikwa: azote, kidogo, fosfore, kidogo, potasi, inatosha. Hakusema kitu. Alinipeleka mu shamba lake la bondeni, kule kwenye udongo mweusi wa mare, akashika jani la chini la hindi. Pembeni lilikuwa limekauka, njano ikianzia ku ncha na kushuka kandokando, katikati bado kijani. Kisha akaniuliza: "Agronome, kati ya karatasi yako na hili jani, nani anasema uongo?"

Siku ile nilijibu maneno mengi yasiyo na maana. Leo ninajibu kwa kifupi: jani lilisema kweli. Njano ya pembeni, kwa majani ya chini, ni alama ya kukosa potasi, na tunaifundisha mwaka wa kwanza ku enstitu. Niliiona na macho yangu lakini niliamini karatasi, juu karatasi ilitoka ndani ya mashini.

Wengi wenu munaijua hii mashini. Ni ndogo kama torshi. Unaiweka juu ya udongo, inamulika, telefone inafikiri dakika moja, na majibu yanatoka. Projet iliileta kwetu, kila nyumba ikachangia kidogo, na komite ikaagiza mbolea ya pamoja kufuatana na zile karatasi. Tuliagiza DAP. DAP ni mbolea nzuri, siisemi vibaya, lakini somea namba zilizoandikwa ku mufuko: 18-46-0. Ya kwanza ni azote, ya pili fosfore, ya tatu potasi. Ya tatu ni sifuri. Tulilipa feza kwa vitu viwili, na shamba la yule mama lilikuwa linalilia kitu cha tatu.

Kwa hiyo niko na neno la kusema, hata kama wengine wenye tunafanya nao kazi hawatalipenda. Koperative yoyote isilipe hata franka moja kwa majibu ya mashini ya mwangaza kabla haijauliza: hii mashini ilifundishwa na udongo wa wapi?

Najua, swali linaonekana la ajabu. Mashini inafundishwa namna gani? Lakini wenye kahawa kati yenu munaijua shida hii tangu zamani bila kuipa jina. Kile kifaa cha kupima unyevu wa kahawa kiko na mahali pa kuchagua: mahindi, maharagi, kahawa ya parshe, kahawa iliyokobolewa. Nilisimama siku moja ku depo, munuuzi anasema kahawa yetu ni mbichi, kifaa chake kinaonyesha zaidi ya 13, chetu kinaonyesha chini ya 12. Sauti zilipanda. Mwishoni kijana mumoja akageuza kifaa cha munuuzi na kuona kimewekwa ku mahindi. Kahawa ilikuwa ileile. Kifaa kilikuwa kinahesabu kama vile kiko na mahindi tumboni. Kule kulinganisha kifaa na kitu chenye kitapimwa ndiko Wafaransa wanaita etalonaji. Kifaa cha unyevu kinapima kitu kimoja tu, na bado kilitugombanisha. Sasa mashini yenye kupima vitu sita au saba kwa mara moja, ndani ya udongo wenye vitu vyote vimechanganyika, ni shida mara ngapi?

Labo ya kawaida inafanya kazi kwa kutenganisha. Udongo unakaushwa, unachekechwa, unatikiswa ndani ya dawa, maji yanachujwa, na ndani ya yale maji wanahesabu potasi yenyewe. Ni kazi ya siku nyingi. Mashini ya mwangaza haitenganishe kitu. Inatuma mwangaza wenye macho yetu haiwezi kuona, wenye uko nyuma ya rangi nyekundu, na inaangalia sehemu gani imerudi na sehemu gani imemezwa na udongo. Kila kitu kinameza kwa namna yake. Maji yanameza sana karibu na nanometre 1,400 na tena karibu na 1,900. Udongo wa mufinyanzi, ule wa vyungu, unaacha alama karibu na 2,200. Mabaki ya majani na mizizi yaliyooza yanameza huku na huku. Hizi alama ni pana, zinapandana moja juu ya ingine, kama watu kumi wanaongea pamoja mu nyumba moja. Hakuna sauti moja yenye unaweza kusikia peke yake.

Basi wanafanya nini? Wanafanya hesabu, na hesabu yenyewe mama yeyote wa soko anaweza kuifuata. Tuseme uko na kapu limefunikwa. Unajua ndani muna maharagi na mahindi tu, lakini hujue gigozi ngapi za kila kimoja. Ku soko la Mudaka, gigozi ya maharagi ni franka 3,000 na ya mahindi 2,000. Ku soko la Mugogo siku hiyo, vyote viwili ni 2,000. (Bei ni za kutunga, musije kunipigia kelele.) Unapeleka lile kapu Mudaka, wanakuambia: lote ni 18,000. Unalipeleka Mugogo: lote ni 14,000. Hujafungua kapu, lakini Mugogo kila gigozi ni 2,000, basi ndani muna gigozi 7. Kama zote 7 zingekuwa mahindi, Mudaka wangekuambia 14,000. Wamesema 18,000, kumezidi 4,000, na kila gigozi ya maharagi inazidisha 1,000. Basi maharagi ni gigozi 4, mahindi 3. Umepima vitu viwili bila kuvitenganisha.

Mashini inafanya vile vile. Kila rangi ya mwangaza ni soko moja na bei zake. Udongo ni kapu lililofunikwa. Mwangaza uliomezwa ni jumla yenye wanakutajia.

Lakini tazama mahali pa kuanguka. Tuseme mutu alitia gigozi moja ya karanga ndani bila kukuambia, kapu likawa na maharagi 4, mahindi 2 na karanga 1. Karanga ni 5,000 Mudaka na 4,000 Mugogo. Mudaka watakuambia 21,000, Mugogo 16,000. Fanya ile hesabu yako: gigozi 8, maharagi 5, mahindi 3. Hesabu imekubali! Haikukwama, haikutoa sauti ya kulalamika. Imekupa jibu safi la uongo, juu haikufundishwa kwamba kuko kitu kinaitwa karanga.

Namna ya kugundua iko. Peleka kapu ku soko la tatu, tuseme Kavumu, kwenye maharagi ni 3,500 na mahindi 1,500. Kama kweli ni maharagi 5 na mahindi 3, watakuambia 22,000. Wakisema 23,000, unajua ndani muna kitu kigeni. Ndiyo maana mashini nzuri inatumia mamia ya rangi na si mbili: zile za ziada ni kwa kukagua. Hesabu inaweza kusema, "Huu udongo sijawahi kuona wa namna hii, musiniamini." Ile karatasi yetu haikuwa na mahali pa kuandika neno hilo. Ilikuwa na mahali pa namba tu. Miye ninaona hilo ni kosa kubwa kuliko kosa la namba yenyewe.

Kuko tena jambo lenye linafanya udongo ukuwe mugumu kuliko kapu. Ku soko unaweza kuuliza bei. Kwa udongo hakuna mutu anajua "bei" za kila kitu kwa kila rangi. Zinatafutwa kwa nyuma: wanachukua udongo mwingi, wanaupima ku labo na dawa, wanaumulika, kisha hesabu inatafuta rangi gani zinaenda pamoja na namba gani. Kazi hii ilianzia kwa nafaka. Enjenyere wa Marekani Karl Norris, wa wizara yao ya kilimo kule Beltsville, alionyesha miaka ya 1960 kwamba unaweza kupima unyevu wa mbegu kwa mwangaza, na kwamba rangi moja haitoshe, juu vitu vimechanganyika. Mwaka 1983 Wanorway na Waswidi, Svante Wold, Harald Martens na Herman Wold baba yake Svante, walitoa namna ya kutumia rangi zote kwa pamoja bila hesabu kuchanganyikiwa. Inaitwa PLS, na mpaka leo iko ndani ya mashini nyingi za namna hii.

Sasa shikeni hapa, juu hapa ndipo mahindi ya yule mama yalipotelea. PLS inatafuta kinachoenda pamoja. Potasi yenyewe haina alama yake ndani ya ule mwangaza. Haionekane. Fosfore yenye mumea unaweza kula, nayo ni karibu vile vile. Mashini ikikuambia "potasi inatosha", haijaona potasi. Imeona weusi, imeona mufinyanzi, imeona mabaki ya majani, na imekumbuka kwamba kwa udongo wenye ilifundishwa nao, vitu hivyo vilikuwa vinatembea pamoja na potasi. Ni kama mutu anayesema "yule ni tajiri" juu ameona viatu. Mara nyingi anapata. Siku anayokutana na mutu aliyeazima viatu, anakopesha feza zake.

Niliandikia wale wenye mashini. Walinijibu bila kuficha, na kwa hilo ninawashukuru: udongo mweusi wenye walifundishia ulitoka upande wa volkano. Nani hajue udongo wa Rutshuru? Ule weusi unatoka kwa lava na majivu ya Nyiragongo na Nyamulagira, na hizi lava ziko na potasi nyingi ndani yake. Weusi wa mare yetu ni weusi mwingine kabisa. Ni majani na mafunjo ya miaka mingi yaliyooza ndani ya maji, na udongo wa namna hiyo mara nyingi ni maskini kwa potasi. Mashini iliona mweusi na mweusi, ikasema ni ndugu. Mutoto wa kwetu mwenye miaka kumi angeichekelea.

Na musifikiri ni sisi tu tulisahauliwa. Mwaka 2021 wachunguzi walitangaza mukusanyo wa kwanza mukubwa wa alama za mwangaza kwa udongo wa Afrika ya kati, sampuli zaidi ya 1,800 kutoka bonde la Kongo na eneo la Maziwa Makubwa. Walikuwa na sababu ya kuufanya: mukusanyo wa bara zima wenye ulikuwepo, sampuli 1,902, haukuwa na udongo wa Afrika ya kati ndani yake. Wao walitumia mwangaza ulio mbali zaidi na nyekundu kuliko ule wa mashini yetu ya mukono, na walitafuta kaboni na azote, lakini shida ni ileile. Mutu anaweza kukuambia "mashini yetu imefundishwa na udongo wa Afrika" na asiwe amekudanganya, na bado kilima chako hakimo.

Wenzangu waagronome wengine, wakisikia haya, wanasema tuache mashini, turudi ku labo. Miye sikubali. Labo iko mbali, bei yake kwa sampuli moja ni mzigo kwa mwenye nusu ekta, na kwa hali ya barabara zetu mufuko wa udongo unaweza kufika baada ya sezo kuisha. Tena labo nayo si Biblia. Fosfore peke yake iko na njia nyingi za kuipima, Bray ya mwaka 1945, Olsen ya 1954, Mehlich 3 ya 1984, na namba ya moja hailingane na namba ya ingine. Nimeona watu wakilinganisha karatasi ya labo mbili na kusema udongo wao umeharibika, kumbe ni dawa tu ilibadilika. Mashini, kwa kaboni, kwa mufinyanzi, kwa azote yote ya udongo, inafanya kazi nzuri ikifundishwa vizuri. Kwa dakika moja inaweza kukuambia shamba gani limechoka na gani bado. Siwezi kuitupa.

Ninachoomba ni tuifundishe. Si lazima kuanza upya na sampuli elfu. Mashini yenye imefundishwa kwingine inaweza kuongezewa udongo wa kwetu, kidogo tu lakini wenye umechaguliwa vizuri: mwekundu wa juu ya kilima, wa mutelemuko wenye mumomonyoko, wa nyuma ya nyumba kwenye migomba na takataka, mweusi wa mare. Munamulika mashamba mengi, kisha wenye hesabu wanaonyesha yale yasiyofanana, na hayo ndiyo yanaenda ku labo. Miye ningeanza na makumi machache kwa bonde moja. Na sampuli zingine, tuseme moja kwa kila tano, zifichwe: labo izipime, lakini mashini isionyeshwe majibu. Mwishoni tunaiuliza zile zilizofichwa. Mwalimu hampimi mwanafunzi kwa zoezi lenye jibu lake limebaki ku ubao, na nimeona mashini nyingi zikisifiwa kwa mutihani wa namna hiyo.

Feza zitoke wapi? Hapo ndipo ninagombana na wengi. Ninasema zitoke ndani ya bajeti ileile ya mashini. Projet inapokuja na vifaa kumi, komite iseme: leteni saba, na bei ya vitatu ilipe labo kwa udongo wetu. Najua prezida wa koperative anapenda kupigwa picha na vifaa kumi. Labo haina picha. Lakini vifaa kumi visivyojua bonde lenu vinatoa makosa haraka mara kumi.

Na pale projet itakapokuja, sekretere aandike mu kaye majibu yao mbele ya watu wote: udongo wa kufundishia ulitoka wapi, kulikuwa mare ndani yake au hapana, labo ilitumia njia gani kwa fosfore, na mashini itasema nini ikikutana na udongo yenye haiujue. Mwenye kujibu "msihangaike, iko ya kisasa" mumushukuru, mumupatie soda, arudi kwao. Kwa potasi na fosfore, hata wakijibu vizuri, ninataka neno moja liandikwe juu ya karatasi: imekisiwa. Mukulima akisoma "imekisiwa" atatazama jani kabla ya kufungua mufuko wa feza.

Yule mama hakungoja haya yote. Sezo B alikusanya majivu ya jikoni, akatia mistari mitatu ya mahindi, mingine akaiacha, bila kuniuliza. Majivu yana potasi, hilo bibi zetu walijua bila namba. Alipokuja kuniita nilikuta ile mistari mitatu imesimama, majani ya chini yana kijani mpaka pembeni, na mistari ya kandokando njano ileile. Nilipima upana wa mistari na kuandika. Hakuna etalonaji bora kuliko ile, lakini yeye hawezi kupata majivu ya kutosha shamba lote, na jirani zake kumi na sita wako na karatasi kama yake, zenye sahihi yangu.

Hizo karatasi nimeziomba zirudishwe. Kumi na moja zimefika. Mifuko ya udongo wa bonde lao iko ku depo, imekaushwa kwa kivuli, kila mumoja na jina la shamba na kina cha sentimetre 20, inangoja gari ya kushuka Bukavu. Wa koperative zingine wenye mare kama yetu, mukiwa na nafasi ndani ya mwezi huu, leteni yenu: kilo moja kwa shamba, itoke mahali kumi ndani ya shamba na ichanganywe, musichukue penye mulichoma takataka.